Kabari ya Bikizee

Chargaz mwana wa Gela alikula sikio la fahali kwa vuli kumi na tisa, na katika vuli zote hizo hakuwahi kulimeza bila kumtazama mwanyumba wake, Bimurza, akila bega.

Sikio halikuwa adhabu. Lilikuwa haki yake, na hapo ndipo penye ubaya. Hapa Mukhari, kijiji chetu cha nyumba ishirini na mbili chini ya barafu isiyoyeyuka, nyama ya karamu ya vuli haigawanywi kwa umri wala kwa ushujaa. Hugawanywa kwa Bikizee. Kila nyumba inatunza kipande kimoja cha Bikizee, na kila kipande kina nyama yake. Wanaotunza miguu yake hupata mapaja. Wenye kamba hupata mbavu, mwenye kombeo hupata ulimi. Nyumba ya Bimurza ilitunza mkono wenyewe, gogo la mwaloni refu kuliko watu wanne wakilazwa kichwa kwa miguu, basi Bimurza alipata bega. Nyumba ya Gela ilitunza kabari. Kabari yenyewe ni kijiti cha shubiri moja, na mwenye kabari hupata sikio la kushoto. La kulia hutupiwa mbwa wa kanisani.

Bikizee ni mtambo wetu wa kurushia mawe. Tulimwita hivyo kwa sababu huinama kwanza kama ajuza anayeokota kuni, kisha huinuka kwa hasira na jiwe limeshakwenda. Mabwana wa mabondeni wana mitambo mikubwa kuliko wetu, yenye magurudumu, na ndiyo maana haijawahi kufika huku. Bikizee hupanda kwa migongo ya watu, kipande kimoja kimoja, mahali ambapo hata mbuzi hujiuliza mara mbili. Zamani alikuwa mzima, akakaa kwenye nyumba moja, na nyumba hiyo ikamtumia kubomoa minara ya mawe waliyoishi jirani zake mpaka yakabaki mashimo ya kufugia kuku. Walionusurika wakamkongoa, wakagawana vipande, wakaapa kanisani mbele ya picha ya mtakatifu kwamba asisimame tena mpaka nyumba zote ziseme ndiyo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kwetu hilo si methali tu, ndivyo tulivyopangwa.

Gela, baba yake Chargaz, alikuwa mtu wa kuridhika. Kabari aliiweka kwenye kikapu cha chumvi karibu na meko, akaipaka mafuta ya kondoo kila Jumamosi, na sikio lake alilitafuna taratibu huku gegedu likilia kati ya meno, akisema hakuna nyama inayodumu kinywani kama hiyo. Chargaz alimchukia baba yake kwa sentensi ile moja. Aliona ni heri mtu alalamike akose, kuliko kufurahia makombo mbele za watu. Gela alipokufa, mwanawe alirithi mnara, ng'ombe sita, mizinga ya nyuki na kabari, na katika vyote hivyo alichokiona ni kabari.

Kisha akaoa, na ndoa ikamalizia kazi. Mzee Jokia, mkuu wa kijiji na mgawa nyama, alikuwa na mabinti wawili. Tekle aliolewa na Chargaz. Mwaka uliofuata mdogo wake, Dina, aliolewa na Bimurza. Kuanzia hapo wanaume hao wawili, wanyumba sasa, waliketi kwa mkwe mmoja, kwenye benchi moja, na Mzee Jokia, ambaye hakuwa na nia mbaya ila alikuwa na mdomo mrefu, aliwatambulisha kwa wageni akisema, "Huyu ni mkwe wangu wa mkono. Na huyu, eeh, huyu ni wa kabari."

Ile "eeh" ilimkaa Chargaz rohoni kama mwiba wa samaki.

Bimurza mwenyewe hakuwa na makuu. Na hilo nalo lilimuudhi Chargaz, maana mtu anayeringa unaweza kumsema. Bimurza alikuwa mpana, mcheshi, mwenye kuinama kidogo upande wa kulia kama wanaume wote wa nyumba yao, na akikutana na mwenzake njiani alimkumbatia mpaka mbavu zikalia. Baada ya kila karamu Dina alimletea dada yake pande la bega lililofungwa kwenye majani ya kabichi. Tekle alipokea kwa shukrani. Chargaz alilichukua pande lile akampelekea mbwa.

Mwaka mmoja Tekle alichoka. "Bega la watu unampa mbwa, sikio letu unanuna nalo. Sasa wewe unakula nini, mume wangu?"

"Sili sadaka."

"Sadaka gani? Yule si dada yangu? Tena ukweli nikwambie, sikio ukilichemsha na kitunguu saumu lina utamu wake."

Alisema kama Gela alivyokuwa akisema, bila kujua. Chargaz alitoka nje akapasua kuni ambazo zilikuwa zimekwisha kupasuliwa.

Usidhani alikuwa mtu mbaya siku zote. Alikuwa fundi mzuri wa mbao, alijenga sleji za kuburuzwa thelujini, nyepesi kuliko zote bondeni, na wanawe aliwapenda. Lakini wivu haumwachii mtu sehemu ya kupumzikia. Alihesabu ni nani aliyemsalimu Bimurza kwanza. Alijua idadi ya kondoo wa Bimurza kuliko Bimurza mwenyewe. Mtoto wa Dina alipozaliwa na meno mawili, kijiji kizima kikasema ni baraka, Chargaz alikwenda akachungulia vinywa vya wanawe mwenyewe.

Vuli ya kumi na tisa, bwana wa bonde la chini aliteka ngome ya Jino. Jino ni mwamba uliosimama penye mlango wa njia ya chumvi, na juu yake kuna boma la mawe lenye lango moja. Aliye na Jino ndiye mwenye chumvi. Bwana yule aliweka watu wake arobaini, akafunga njia, akangoja tupige magoti. Hesabu yetu ilikuwa fupi. Kabla theluji haijafunga mlima zilibaki wiki tatu. Bila chumvi jibini lingeoza, nyama isingekauka, na ng'ombe wangelamba kuta mpaka wafe. Mzee Jokia alipita mnara hadi mnara akiuliza. Nyumba zote ishirini na mbili zilisema ndiyo, na Chargaz aliposema yake, mkwe wake alikuwa ameshageuka kwenda mlango unaofuata.

Hapo ndipo wazo lilipomjia. Halikumjia kama uovu, lilimjia kama haki. Hakuna anayeitazama kabari. Inasukumizwa pembeni mwa mhimili, ule mti mnene uliopita katikati ya mkono, ili mtambo ukisimama mahali penye mteremko mhimili usitambae. Na kwetu kila mahali ni mteremko. Basi alichonga kabari nyingine, ya msonobari mbichi, laini, akaipaka masizi na mafuta ya kondoo mpaka ikawa nyeusi kama ya zamani. Mpango wake ulikuwa huu: jiwe la kwanza likivutwa, msonobari utapondeka, mhimili utacheza, mkono wa Bimurza utayumba na jiwe litaanguka chini ya pua yake mbele ya watu wote. Watacheka. Kisha yeye atatoa kabari ya kweli, ataigonga mahali pake, na jiwe la pili litaruka sawasawa. Kila mtu ataona ni nani anayemsimamisha Bikizee. Hakutaka mtu aumie. Alitaka bega, au angalau Bimurza alikose mara moja.

Kilibaki kiapo. Kabla ya kupanda, kila nyumba hulaza kipande chake kwenye ngozi ya fahali mbele ya picha ya mtakatifu na kusema imekuja na nini. Anayesema uongo pale, kwetu tunaamini, ukoo wake hukatika. Chargaz aliogopa jambo hilo kwa dhati. Kwa hiyo kabari ya kweli aliifunga kifuani ndani ya shati, akailaza ile ya msonobari kwenye ngozi, akasema kwa sauti, "Nyumba ya Gela imekuja na kabari ya Bikizee." Na kweli ilikuwa imekuja nayo. Mtu wa mji mwingine angedanganya tu yakaisha. Wa kwetu humzunguka mtakatifu kwa upole, akidhani mtakatifu hajui kuhesabu.

Walipanda siku mbili. Mkono wa mwaloni ulibebwa na Bimurza mbele na jamaa zake watano nyuma, na katika kona ya mwisho, mahali njia ilipokuwa na upana wa kiatu, Bimurza aliusimamisha peke yake begani wakati wenzake wakibadili miguu. Chargaz alipita kando na kijiti chake mkononi. Mtu mmoja alimtania, "Chargaz, ukichoka sema tukusaidie." Watu walicheka, na Bimurza, akiwa chini ya gogo, mshipa umemtoka shingoni, alicheka pia.

Kama kulikuwa na huruma iliyobaki, iliishia pale.

Asubuhi ya tatu Bikizee alisimama ukingoni, akitazamana na lango la Jino ng'ambo ya korongo. Wanaume na wanawake thelathini walishika kamba. Bimurza alisimama kando ya mkono, kwa kuwa mwenye mkono ndiye anayeugusa kuhakikisha umetulia, kisha hutoa sauti ya kuvuta. Chargaz alichuchumaa pembeni mwa mhimili na nyundo yake. Aligonga msonobari ukaingia vizuri mno. Alijiambia, sasa.

Bimurza alitoa sauti. Bikizee aliinama, akainuka, jiwe likapaa juu ya korongo na kupiga lango la Jino katikati. Kabari ilishika.

Watu walipiga kelele, na jina walilolitaja lilikuwa la Bimurza. Chargaz alitazama chini. Msonobari ulikuwa umeanza kupasuka, ufa mweupe mwembamba ndani ya masizi. Kifuani kabari ya baba yake ilimchoma ubavu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na cha Chargaz kilikuwa nguoni hasa. Angeweza kubadilisha wakati ule. Kamba zilikuwa zimelegea, hakuna aliyekuwa akimtazama, maana hakuna aliyewahi kumtazama.

Jiwe la pili lilivunja ubao wa lango. Wanawake walianza kumwimbia Bimurza, wimbo mzima, na Tekle, mke wake Chargaz mwenyewe, alikuwa ndiye anayeongoza. Wakaleta jiwe la tatu, zito kuliko yote. Bimurza aliweka kiganja kwenye mkono, akakunja uso.

"Mwanyumba, kabari imekaa?"

"Imekaa."

"Naona kama mhimili unacheza."

"Wewe shika mkono wako, mimi nishike kabari yangu. Au na hii unaitaka?"

Waliokuwa karibu walicheka. Bimurza alicheka nao, akainua mkono mmoja juu, wa pili akauacha kwenye mwaloni kidogo zaidi ya kawaida kwa sababu bado alikuwa na wasiwasi, akatoa sauti.

Kabari ilipasuka. Mhimili uliteleza upande wa bonde, mkono wa mwaloni ukageuka ubavu ukagonga mguu wa Bikizee, na kati ya mbao hizo mbili ulikuwepo mkono wa kulia wa Bimurza. Jiwe liliangukia korongoni. Hakuna aliyecheka.

Kilichofuata ndicho watu wanachokisimulia mpaka leo. Dina alikuwa akilia, Mzee Jokia ameduwaa, watu wa Jino wanapiga makelele ya dhihaka kutoka juu ya ukuta, na katika fujo ile Chargaz alionekana akiinua mhimili kwa bega lake, akigonga kabari, safari hii ile ya kweli, mahali pake, akimshika Bikizee mkono na kutoa sauti mwenyewe. Jiwe la nne liliangusha lango. Saa sita mchana waliokuwa ndani walitoka bila silaha, na njia ya chumvi ikafunguka siku tisa kabla ya theluji. Walisema mwenye kabari hakutetereka hata mwanyumba wake alipoanguka. Mzee Jokia alimkumbatia mbele ya watu wote, akamwita mwanangu. Bila "eeh."

Mganga wa mifupa aliukata mkono wa Bimurza juu kidogo ya kifundo. Na mwenye mkono mmoja hawezi kuubeba mkono wa Bikizee. Kijiji kilikaa, kikakubaliana bila ubishi: nyumba hizo mbili zibadilishane. Mwaloni uende kwa Chargaz, kabari iende kwa Bimurza. Watu walifurahi kwamba kitu kinabaki ndani ya familia.

Chargaz aliipeleka kabari asubuhi moja ya jua, theluji ikimeta paani. Bimurza alikuwa ameketi peke yake karibu na meko, shati lake limefungwa fundo upande wa kulia. Aliipokea kabari akaigeuzageuza. Ilikuwa nyeusi, nzito, laini kwa mafuta ya vizazi vitatu. Kisha akavua kofia yake ya sufu, akatoa ndani yake kibanzi chenye urefu wa kidole, akakiweka gotini kando ya kabari. Kilikuwa cheupe. Kilinuka utomvu.

"Mganga alikitoa humu," alisema Bimurza, akionyesha lile fundo la shati. "Nikajiuliza, Bikizee ana msonobari wapi?"

Chargaz alikiokota kile kibanzi, akaanza kueleza.

"Usinieleze, mwanyumba. Nimekaa wiki tatu nikijieleza mwenyewe. Nikiwaambia kaka zangu watakuua. Wanao watakua, watawaua kaka zangu. Dina na dada yake watazika mpaka wachoke. Kwa hiyo sisemi. Dina mwenyewe hajui."

"Sikutaka uumie. Naapa."

"Najua. Ulitaka bega." Aliitazama kabari tena, akacheka kidogo bila furaha. "Na mimi nilikuwa nakuonea wivu wewe, unajua? Lile gogo lilivunja bega la baba yangu, likapinda langu. Limelala humu ndani toka nizaliwe, mlango hadi ukuta, sijawahi kunyoosha miguu kitandani. Nakuona unapita na kijiti chako mfukoni, nasema, yule ndiye aliyebarikiwa. Ungeniomba tu, tungebadilishana hata mwaka wa kwanza."

Chargaz alikaa chini sakafuni.

"Sasa sikiliza deni lako," Bimurza aliendelea. "Bega utalila. Kila vuli, umekaa mbele yangu, mpaka mfupa, na hubakizi. Ukimpa mbwa, nasema."

Alilila vuli kumi na moja. Gogo la mwaloni lililala ndani ya nyumba yake mlango hadi ukuta, Tekle akijigonga nalo kila anapokwenda kuchota unga, na Chargaz akilala amejikunja kando yake. Upande wake wa kulia ulianza kuinama. Watu walimsalimu kwanza, walimwita mwenye mkono, na wageni walitambulishwa kwake. Nyama ilikuwa nyororo, yenye mafuta, na aliitafuna kama mtu anayetafuna sufu, akihesabu vipande vilivyobaki, huku Bimurza akimtazama kwa macho yasiyo na chuki wala kitu kingine. Kisha Bimurza huchukua sikio lake kwa mkono wake mmoja, huchovya kwenye chumvi, hutafuna kwa raha. Baadaye hulala kwenye benchi juani, miguu ameinyoosha yote miwili.

Vuli ya kumi na mbili, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho wake, Chargaz alisimama mezani wakati nyama inagawanywa, akamwomba Mzee Jokia mbele ya wote ampe sikio badala ya bega. Watu walipiga vifua kwa kupendezwa, wakasema tazama unyenyekevu wa mtu mkubwa. Mzee Jokia, sasa nusu kipofu, alimgeukia Bimurza.

"Sikio lina mwenyewe," alisema Bimurza, akalichukua.

Chargaz aliketi. Wakamwekea bega. Mzee Jokia akakata sikio la kulia akalitupa mlangoni, na mbwa wa kanisani akalidaka, akajilaza na kuanza kulitafuna, gegedu likilia kati ya meno. Chargaz alimtazama yule mbwa, akamwonea wivu.